Kipimo cha Shingo ya King'ora

Alipotoka shule, Sentimita hakupitia nyumbani. Alikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha ushonaji cha mama yake, akasukuma mkoba chini ya meza ya kukatia, akavua viatu na kuanza kufagia vipande vya kitambaa vilivyoanguka tangu asubuhi. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo. Kulikuwa na cherehani mbili, pasi, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na pazia la kijani ambalo wateja walijibadilishia nguo nyuma yake. Akiingia mtu wa tatu, wa kwanza alilazimika kuvuta tumbo ndani.

Sentimita halikuwa jina lake la shuleni. Alipewa na mteja mmoja, dereva wa gari la zimamoto, aliyesema hajapata kuona futi ya fundi iliyo ndefu kuliko mtu anayeivaa shingoni. Jina likamganda, na hata mama yake akalizoea. Dereva huyo naye alikuwa na jina la mtaani. Aliitwa King'ora, kwa sababu akicheka kwenye kituo cha mafuta, watu walioko sokoni waligeuka. Wenzake walisema siku gari likiharibika honi, watamfungulia yeye dirisha.

Tangu Sentimita alipotimiza miaka kumi na miwili, mama alimruhusu kuwapima wateja na kuandika vipimo kwenye daftari. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake, mwaka chini ya mwaka. Sentimita aliipenda kazi hiyo. Lakini wiki tatu kabla ya mambo haya, aliandika kiuno sentimita themanini na sita badala ya sitini na nane, na sketi ya mteja ikatoka pana kama hema. Mama hakumfokea. Alimwambia tu, "Mwanangu, mimi sikati ninachokiona, nakata kilichoandikwa. Ukikosea tena, futi utanirudishia." Maneno hayo yalimkaa kama mwiba.

Jumatatu moja King'ora aliingia akiwa ameinama ili asigonge kichwa mlangoni.

"Shikamoo, mjomba," alisema Sentimita.

"Marahaba, Sentimita. Haya, nipime upesi kabla sijanenepa."

Mama alikuwa nyuma ya pazia akimpima muuguzi mmoja gauni la kazi, pini zimejaa mdomoni. "Mpime wewe," alisema kwa taabu. "Mashati mawili ya sare. Ukaguzi wao ni Ijumaa ya wiki ijayo. Na mkuu wa kituo chao cha zimamoto amesema akiipenda kazi, atatuletea wenzake wote kumi na wanane. Kwa hiyo tulia, mwanangu."

Sentimita alipanda juu ya kigoda. Kifua kilikuwa kama cha mwaka jana. Mabega vilevile, mikono vilevile. Kiuno kilikuwa kimepungua kidogo. Kisha akaizungusha futi shingoni, akaingiza kidole kimoja ndani yake kama alivyofundishwa, akasoma. Arobaini na tatu. Akatazama daftari. Mwaka jana arobaini. Mwaka juzi arobaini. Mwaka uliotangulia, thelathini na tisa na nusu.

Akapima tena. Arobaini na tatu.

"Mbona leo unaninyonga?" King'ora aliuliza.

"Samahani, mjomba. Tulia kidogo."

Mara ya tatu futi ilisema yaleyale. Mtu mzima huota shingo? Bila shaka ni yeye aliyekosea, pengine anashika futi vibaya, na akisema arobaini na tatu kola itatoka kubwa, shati litakuwa kama lile hema, na kazi ya watu kumi na wanane itaota mbawa.

"Shingo ngapi?" mama aliuliza nyuma ya pazia.

"Arobaini, mama. Vilevile."

Neno lilimtoka kabla hajalifikiria. Akaliandika upesi, akafunga daftari. Jioni hiyo alijiambia kwamba arobaini ndiyo namba iliyozoeleka, na kilichozoeleka hakiwezi kuwa kosa.

Jumatano ya wiki iliyofuata, King'ora alikuja kujaribu mashati. Alisimama mbele ya kioo, akafunga vifungo kimoja kimoja kutoka chini kwenda juu. Alipofika kwenye kola, mkono ulikwama. Kifungo na tundu lake vilibaki mbalimbali kwa upana wa vidole viwili, vikitazamana kama watu waliokosana.

"Fundi," alisema, "kitambaa chako kina kiburi."

Mama alisogea, akavuta kola kulia na kushoto. Akamwomba avue shati, akailaza kola mezani, akaipima, akalinganisha na daftari. Ilikuwa sawasawa na ilivyoandikwa, pamoja na nafasi ya kupumulia. Akaipima tena. Hatimaye alitikisa kichwa.

"Nisamehe, kaka. Nadhani ni macho yangu. Niachie, nitabadilisha kola zote mbili. Kesho jioni utazikuta tayari."

"Usijali, dada. Hata mashati yangu ya zamani siku hizi yananibana. Nimemgombeza dobi bure nikisema anayasinyaza."

Alipoondoka, mama aliketi kwenye cherehani, akajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Ukamshinda. Akajaribu tena, akiisogeza sindano mbali na uso, kisha karibu, kisha mbali. "Miaka kumi na sita nakata kola," alisema polepole, kama anayezungumza na sindano. "Labda sasa niwe nashona mapazia."

Sentimita alikuwa amekaa sakafuni akichambua vifungo kwa rangi. Alijua kwamba akikaa kimya tu, jambo litapita. Mama atabadilisha kola, King'ora atavaa, na lawama zote zitabaki juu ya macho ambayo hayana hatia. Alichukua kifungo cheupe, akakirudisha kwenye vyeusi, akakitoa tena.

"Mama."

"Naam."

"Si macho yako." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilipima nikapata arobaini na tatu. Nikaandika arobaini."

Mama aliiweka sindano chini. "Kwa nini?"

"Niliogopa nimekosea kama ile sketi. Nikaona afadhali niandike ya mwaka jana."

"Ulipima mara ngapi?"

"Tatu."

"Na mara zote ilikuja arobaini na tatu?"

"Ndiyo, mama."

Sentimita alisubiri karipio. Halikuja. Mama alikuwa amekunja uso, lakini si kwa hasira. "Umenidanganya, na hilo tutalizungumza," alisema. "Kwanza lete daftari."

Alipitisha kidole chini ya namba, mwaka baada ya mwaka. "Kifua kilekile. Kiuno kimepungua. Na mwenyewe kasema mashati ya zamani yanambana." Akainua macho. "Mwanangu, mtu hanenepi shingo peke yake."

Alimpa kalamu. Sentimita akataka kuchukua kifutio, mama akamshika mkono. "Usifute. Pitisha mstari mmoja, ili kosa lako lionekane, halafu andika la kweli pembeni, pamoja na tarehe uliyopima." Kisha akachukua simu, akampigia yule muuguzi, akamwomba aje kuchukua gauni lake kesho jioni saa kumi na moja kamili, wala asichelewe.

Kesho yake kola mpya ilifunga bila ubishi. King'ora alijigeuza mbele ya kioo, akacheka hadi vifungo vikatikisika kwenye bakuli. Muuguzi alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, gauni lake mapajani. Mama alimtazama Sentimita, naye akajua kwamba zamu yake imefika.

"Mjomba, kuna jambo," alisema. Akamweleza yote, kuanzia futi iliyosema arobaini na tatu hadi namba aliyoiandika. "Kola haikukataa kwa sababu ya mama. Shingo yako imeongezeka sentimita tatu kwa mwaka mmoja. Nisamehe kwa kuandika uongo."

King'ora hakucheka. Mkono wake ulipanda wenyewe hadi kwenye kola, ukatulia pale chini ya koromeo.

"Basi tuko wawili," alisema hatimaye. "Mimi nina miezi minne najua kuna kitu hapa. Asubuhi nikinyoa ndevu nakigusa. Nikafunga kola juu kabisa ili mke wangu asikione. Nikamsingizia dobi. Nilijiambia, kwa kuwa hakiumi, si kitu."

"Hapo ndipo wengi wanapopotea," alisema muuguzi. Aliinuka, akaomba ruhusa, akagusa shingo kwa vidole vya mikono miwili. Akamwomba ameze mate. Kitu kama yai dogo kilipanda na kushuka upande wa kulia. "Mimi si mtu wa kukwambia hiki ni nini, kaka. Lakini uvimbe wa shingoni ukikaa zaidi ya wiki tatu, uwe unauma au hauumi, uonwe na daktari. Kadhalika sauti ikikwaruza bila kupona, au kidonda cha mdomoni kisichofunga. Jumamosi kuna kliniki ya masikio, pua na koo. Njoo mapema, nitakuwepo."

"Watanichoma sindano?"

"Pengine."

"Dada, mimi nimeingia kwenye ghorofa linalowaka. Lakini sindano..."

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," mama alisema kwa upole. "Mwambie mkeo leo."

Akamwambia. Ijumaa alisimama kwenye ukaguzi kola ikiwa imefungwa, na Jumamosi asubuhi walikuwa kwenye benchi la hospitali: King'ora, mke wake, na Sentimita aliyeshikilia daftari la vipimo. Ni King'ora aliyeomba aje. Alisema daktari akimuuliza tarehe atachanganya, na daftari halichanganyi. Mke wake alikuwa mwanamke mtulivu, mwenye kuongea kidogo. Kwa saa nzima alisema sentensi moja tu: "Miezi minne nalala chumba kimoja na siri." King'ora akatazama viatu vyake.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye taa ndogo iliyofungwa kwenye paji la uso. Hakuanza na shingo. Alianza na maswali. Je, sauti imebadilika? Chakula kinakwama? Anakohoa damu? Sikio linauma? Uzito umepungua? Anavuta sigara? Amewahi kutibiwa kwa mionzi? Nyumbani kwao kuna mtu aliyepata uvimbe wa namna hii? Kila jibu aliliandika. King'ora alipotaka kuruka swali kwa mzaha, daktari alimsubiri amalize mzaha, kisha akauliza swali lilelile.

"Umeanza lini?"

"Miezi minne hivi..."

Sentimita alifungua daftari. Daktari alisoma namba zote, akafika kwenye namba iliyopigwa mstari. "Hii nini?"

"Ni uongo wangu," alisema Sentimita. "Ya kweli iko pembeni."

Daktari alichukua kalamu. "Vizuri umeacha ionekane," alisema, akanakili namba ya pembeni kwenye faili.

Ndipo alipoanza kupima. Alimulika mdomoni, chini ya ulimi, nyuma ya meno, ndani ya pua na masikio. Alipitisha puani mpira mwembamba wenye kamera nchani, ili aone jinsi nyuzi za sauti zinavyofunguka na kufungika. King'ora alitoa machozi lakini hakusogea. Kisha daktari akasimama nyuma ya kiti, akapapasa shingo nzima, taratibu, kuanzia chini ya masikio hadi juu ya mabega.

"Mbona unapapasa kila mahali, na uvimbe uko hapo mbele?" King'ora aliuliza.

"Shingo ni njia panda. Hewa inapita hapa, chakula kinapita hapa, damu ya kwenda kichwani inapita hapa, na sauti inazaliwa hapa. Nikitazama mahali pamoja tu, nitaona nusu ya habari."

Walikwenda chumba kingine, uvimbe ukapigwa picha kwa mashine ya ultrasaundi. Ulionekana kwenye kioo kama kivuli ndani ya tezi ya shingo, ile iliyokaa mbele ya koo kama kipepeo. Mwishowe ikaja sindano. Ilikuwa nyembamba, ya kuvuta chembe chache tu zikatazamwe kwa hadubini. King'ora alifumba macho na kukamata mkono wa mke wake. Baada ya dakika mbili akauliza wataanza saa ngapi, akaambiwa wameshamaliza.

Sentimita alikuwa na swali alilolibeba tangu asubuhi. "Daktari, ni saratani?"

"Sijui," alisema daktari. "Wengi wenye uvimbe huu hawana saratani. Wachache wanayo. Ningeweza kukwambia 'hapana' ili mjomba wako alale vizuri, lakini hiyo isingekuwa tiba. Tusubiri siku kumi."

Siku hizo kumi zilikuwa ndefu. King'ora alikuja kwa fundi mara mbili bila shida ya nguo, akaketi, akachambua vifungo pamoja na Sentimita. Mara ya pili alisema, akiwa ameinamisha kichwa, "Naogopa, unajua." Sentimita alimsogezea bakuli la vifungo. "Hata mimi," alisema.

Majibu yalipotoka, ilikuwa saratani. Daktari aliwaeleza bila kuzungukazunguka na bila kuwatisha. Ni ya tezi, ya aina inayokua polepole, na kwa dalili zote ilikuwa bado haijatoka nje ya tezi. Ingetolewa kwa upasuaji, na baadaye angemeza kidonge kimoja kila siku maisha yake yote, kifanye kazi ya tezi iliyoondolewa. "Na sauti?" mke wake aliuliza. Daktari alisema mishipa ya sauti imepita karibu sana na tezi hiyo, kwa hiyo ataitunza kadiri awezavyo, lakini hawezi kuapa. "Ungekaa na kola yako hadi mwakani," alimwambia King'ora, "pengine tungekuwa na mazungumzo mengine."

Upasuaji ulichukua saa tatu. Wiki za mwanzo King'ora alizungumza kwa mnong'ono, na mtaa ukawa kama redio iliyoisha betri. Kisha sauti ikaanza kurudi kidogo kidogo. Ilirudi ikiwa na mkwaruzo ambao haukuwapo zamani, lakini ilirudi. Vipimo vya marudio havikuonyesha kitu. Mwezi wa tatu baada ya upasuaji alirudi kazini.

Mkuu wa kituo, aliyeyapenda mashati ya King'ora siku ya ukaguzi, alileta wenzake wote kumi na wanane, nao wakajipanga nje ya mlango kwa sababu ndani hapakutosha. King'ora alikuja nao, akaketi kwenye kiti cha wateja, kovu jembamba likionekana juu ya kola. Siku hizo hakufunga kifungo cha juu ila akiwa kazini. Mama alimkabidhi Sentimita futi na daftari. Yale mazungumzo waliyoahidiana yalishafanyika siku nyingi, na adhabu yake, kushona matundu ya vifungo arobaini na matatu kwa mkono, ilishamalizika.

Mzimamoto wa tano alikuwa mzee na mwenye haraka. "Niandikie tu vipimo vya sare yangu ya mwaka jana, binti. Mimi sibadiliki."

Sentimita alimtazama mama, mama akamtazama King'ora.

"Sikiliza, kaka," King'ora alisema kwa sauti yake ya mkwaruzo, na foleni yote ikageuka. "Miaka kumi na tisa nazima moto. Moto ulioteketeza nyumba nyingi zaidi si ule uliolipuka. Ni ule ambao mtu aliuona moshi wake mapema, akasema labda ni wa jirani. Mimi niliuona moshi wangu nikaufunika kwa kola. Huyu mtoto naye aliuona, akaufunika kwa kalamu. Tofauti yetu ni kwamba yeye alitangulia kusema kweli, na mimi nikaona aibu kubaki nyuma." Akageuka kwa Sentimita. "Ukweli wa mwili ni kama ukweli wa mdomo, mwanangu. Ukisemwa mapema, unatibika. Ukifichwa, unakua."

Mzee alikuna kichwa. Kisha akafungua kifungo cha kola na kuinua kidevu.

Sentimita alipanda kigoda, akazungusha futi, akaingiza kidole kimoja ndani yake. Akapima mara mbili, akasoma alichokiona, akakiandika.